Sogea Kidogo, Mama

Jina ambalo mwanamke huyu alipewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Kijiji kizima kilimwita Jicho Moja, wala si kwa ubaya. Macho alikuwa nayo mawili, mazima na mazuri, ila alikuwa hawezi kutazama kitu kikamtulia bila kulifumba la kushoto. Alilifumba akitazama ng'ombe, alilifumba akitazama mvua inavyokuja, na wapo walioapa kwamba hata siku ya kumzika baba yake alilifumba, akajisogeza kando ili jeneza likae sawa na miti iliyokuwa nyuma yake. Hilo lilimletea maneno kwa muda mrefu.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za mashambani, za rangi nyeusi na nyeupe, kwa kamera ya filamu nzito kama tofali. Aliishi mjini, kwenye nyumba ya kupanga ambayo bafu lake alikuwa ameligeuza chumba cha giza cha kusafishia picha, na yeye mwenyewe akawa anaogea ndoo jikoni. Lakini picha zote alizipiga huku kwao, kila alipokuja kukaa kwa kaka yake. Njia, ua wa michongoma, kisima, zizi, kiti mbele ya mlango. Wenye ujuzi wa mambo hayo walizisifu kwa ukimya wake. Kaka yake, ambaye ujuzi wake ulikuwa pampu za maji na matumbo ya trekta, alizitazama mara ya kwanza akauliza kama kijiji kimehamishwa, maana hakuona mtu hata mmoja.

Na kweli hapakuwa na mtu. Jicho Moja hakuwachukia watu. Alisema tu kwamba mtu akiingia kwenye picha, jicho la mtazamaji linamkimbilia yeye na kusahau vingine vyote. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza alisafisha. Aliondoa ndoo, aliondoa kuku, aliondoa binadamu. "Samahani, sogea kidogo," ndiyo ilikuwa salamu yake. Aliisema kwa upole mpaka mbuzi walikuwa wameshaielewa.

Siku hiyo alikuwa anatafuta picha moja ya mwisho. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa kimeshafika kiwandani, kimebaki jalada, na mchapishaji alikuwa amempigia simu akamwambia, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwamba mashine hazingojei mawingu. Bahati mbaya yeye alikuwa anangojea wingu hasa. Alikuwa amesimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu kwenye mteremko wa kilima, jua likiwa mgongoni, na chini yake njia ilikata kona kando ya michongoma, ikapita banda lenye paa la bati, ikapotea. Kila kitu kilikaa mahali pake. Ila mbingu ilikuwa tupu upande wa kushoto, na mbali kule kulikuwa na wingu moja jeupe linalotambaa kwa uvivu kuelekea juu ya lile banda. Likifika pale, jalada limepatikana.

Mama yake alikuwa naye kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa naye. Wifi alikuwa amekwenda kwao kumwangalia mgonjwa, kaka amejifungia na pampu iliyogoma, na mama hakuwa tena mtu wa kuachwa peke yake. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kidogokidogo. Alisahau kama amekula. Alisahau kwamba mumewe amefariki, akamwekea chakula chake na kukifunika. Lakini kitu kimoja ugonjwa ulikuwa haujakigusa, nacho ni kwamba ukimpa kazi anaifanya. Ukimwambia shika bakuli hili, atalishika mpaka vidole vife ganzi. Wifi, ambaye ndiye aliyekuwa akilala na kuamka na hali hiyo, alimwambia Jicho Moja kabla ya kupanda gari kwamba mama hana shida, ila ukimwambia anza, ukumbuke kumwambia acha. Jicho Moja akaitikia. Alikuwa anafuta lenzi.

Jua lilipoanza kushuka vivuli vikarefuka, kama alivyotaka, maana picha ya mashamba bila vivuli virefu ni sahani isiyo na kitu. Akainama kwenye kidirisha cha kamera. Chini kabisa, pembeni, kilikuwa kimeingia kitu cheusi cha mviringo. Kilikuwa kivuli cha kichwa cha mama yake, aliyesimama nyuma yake.

"Mama, kivuli chako kimeingia kwenye picha. Sogea nyuma kidogo."

"Hapa?"

"Bado."

"Hapa je?"

"Bado kidogo. Wewe rudi tu mpaka kisionekane."

Mama akasema sawa mwanangu. Jicho Moja hakugeuka. Kile kitu cheusi kiliteleza taratibu kikatoka kwenye kidirisha, na ukingo wa picha ukabaki safi. Wingu lilikuwa limebakiza kipande kidogo tu cha safari, naye akabana pumzi kama mtu anayevusha maziwa yanayotaka kumwagika. Akapiga. Akapiga tena. Filamu ikaisha wakati wingu ndilo linafika penyewe, akapiga magoti, akabadilisha filamu haraka, akapiga nyingine mpaka wingu likachanika na kuwa matambara.

Aliponyoosha mgongo alikuwa na furaha ya kutosha kumgawia mtu. Akageuka kumwambia mama kwamba imepatikana. Nyuma yake palikuwa na nyasi.

Akaita. Akaita tena, akiwa bado na tabasamu, akidhani mama amekwenda kichakani kujisaidia. Hapa kuna jambo ambalo yeye mwenyewe hakulisimulia mpaka alipobanwa: katika kule kungoja jibu aliona ule mwanga wa mwisho unavyoliramba paa la bati, akainama akapiga moja zaidi. Halafu ndipo alipoanza kuogopa.

Aliiacha kamera palepale, akashuka kilima mbio. Mama hakuwepo kwenye michongoma, wala bandani, wala kisimani, ambako aliinama akatazama ndani. Maji yalimwonyesha uso wake tu. Alifika nyumbani anahema, akazunguka vyumba vyote, akafungua hata kabati, kisha akaenda kwenye karakana ya kaka yake na kusimama mlangoni. Kaka alimtazama mara moja akaweka spana chini.

"Mama yuko wapi?"

Alimweleza. Kwenye kueleza alisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyo machache na mabaya: alikuwa nyuma yangu, nikamwambia asogee. Kaka hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alifuta mikono na kitambaa chenye mafuta, akachukua simu, akaanza kuwapigia majirani mmoja baada ya mwingine, na kila aliyepokea aliuliza swali lilelile, na kila mara kaka alimgeukia mdogo wake kulipeleka.

"Amevaa nini?"

Jicho Moja akajaribu kukumbuka. Asubuhi ile alimvalisha yeye mwenyewe. Alimfunga vifungo vya sweta kimoja kimoja, mama akiwa ameinua kidevu kama mtoto. Alikumbuka kwamba vifungo vilikuwa vyeupe kuliko sufi. Alikumbuka kwamba sweta lilipokuwa mbele ya ukuta wa nyumba lilikuwa limekoza kidogo kuliko ukuta, na mbele ya michongoma likapotea kabisa, likawa kitu kimoja na majani. Kijivu cha katikati. Hicho ndicho alichokuwa nacho kichwani, na aliitafuta rangi yake kwa juhudi zote akaikosa.

"Sweta," alisema. "La... linafanana na majani."

"La kijani?"

"Nadhani ndiyo. La kijani."

Kwenye filamu yake nyekundu na kijani ni ndugu wa tumbo moja, hutawatofautisha. Alilijua hilo miaka yote, alikuwa akiwafundisha wengine, na bado hofu ilimfanya alitamke neno kijani kama mtu mwenye uhakika. Kaka akalipeleka kwenye simu. Bibi mwenye sweta la kijani. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa anatafuta kijani katika nchi ambayo yote ni ya kijani.

Kisha mmoja wa majirani akataka picha, aitume kwa madereva na wauza maduka wa barabara kubwa. Kaka akashusha pumzi. Kwa picha, alisema, hapo hatuna shida, kwa picha tumebarikiwa. Akaingia chumbani kwa Jicho Moja, akavuta lile sanduku la picha zilizochaguliwa kwa ajili ya kitabu, akaanza kuzipitia kitandani, kwanza polepole, halafu haraka, akizitupa kama anayegawa karata. Njia. Kisima. Njia tena. Zizi. Dada yake alisimama mlangoni anaona kitakachotokea kabla hakijatokea.

Kaka akasimama kwenye moja. Ilikuwa ya kiti mbele ya mlango wa jikoni, mwanga umelala juu yake, picha ambayo mjini walikuwa wameisema sana.

"Hiki ni kiti cha mama."

"Ndiyo."

"Hapa anakaa kila asubuhi. Siku hii alikuwa wapi?"

"Nilimwomba asimame kidogo."

Akaiweka chini. Akaendelea kutafuta. Kwenye picha ya kamba ya nguo alipata kipande cha kiwiko pembeni kabisa, kimekatwa na ukingo, na akakileta karibu na macho kana kwamba kiwiko kingeweza kugeuka kikawa uso. Miaka yote ile dada yake alikuwa anazunguka nyumba hii na kamera, na kwenye sanduku zima mama yao alikuwa kiwiko. Simu za wote wawili zilikuwa na picha za ng'ombe, pampu, na watoto wa ndugu. Hatimaye kaka alipata kitambulisho cha mama kwenye mkoba wake, cha zamani, uso umefifia kiasi kwamba kingeweza kuwa cha mwanamke yeyote, na hicho ndicho walichokitumia.

"Huyu hata mimi nisingemtambua," kaka alisema. Akatoka.

Watu walikusanyika upesi. Kaka aliwagawa. Akili yake ilikuwa nzuri na kila mtu alimkubalia: wenye ugonjwa ule hurudi walikotoka, na mama alizaliwa ng'ambo ya kijito, chini kule, kwa hiyo atakuwa ameshuka. Wengine walishika barabara, wengine kijito. Muuza maziwa alipita kwa baiskeli akitokea njia ya kilimani, madumu yakigongana, wakamsimamisha. Umemwona bibi mwenye sweta la kijani? Alifikiri kidogo, akasema hapana, wa kijani hajamwona. Wakamshukuru, akaenda zake.

Jicho Moja alikwenda kijitoni. Alikuwa anaita huku anasikia sauti yake inavyopanda, sauti ya msichana mdogo aliyepotezwa sokoni. Kila jiwe la mviringo ndani ya maji lilikuwa kichwa, kila gunia lililonasa kwenye mizizi lilikuwa mgongo, na jua nalo lilikuwa halimsubiri mtu. Aliwaza giza. Aliwaza mama, ambaye alikuwa anahitaji kuonyeshwa mlango wa chumba chake mwenyewe, akipapasa gizani na kuomba radhi kwa miti. Akajisemea kwamba akifa itakuwa ni mimi niliyemuua, na akalirudia hilo mpaka jirani aliyekuwa naye akamshika bega na kumwomba apumzike kidogo, arudi nyumbani, pengine ameshafika.

Njia ya kurudi ilipita chini ya kilima, na kule juu aliiona kamera yake, imesimama peke yake kwenye miguu yake mitatu. Alipanda kuichukua. Msimwone mjinga. Mtu akichanganyikiwa mikono inatafuta kitu inachokifahamu.

Akapanda akaipita kidogo, ili aijie kutoka nyuma kama alivyozoea. Jua lilikuwa limeshuka sana. Kivuli chake kilianguka mbele yake, kirefu, kikapita katikati ya miguu ya kamera, kikateremka kilima. Na bila kufikiri, kwa mazoea tu ya miaka, akarudi nyuma hatua moja ili kisiingie kwenye picha.

Kivuli kikamfuata. Akarudi hatua nyingine. Kikawa kirefu zaidi.

Akasimama pale. Yeye kivuli alikuwa akikipima kwenye kidirisha cha kamera, kikitoka basi kimetoka. Mama hakuwa na kidirisha. Mama alikuwa na macho yake na miguu yake, na neno aliloambiwa ni arudi mpaka kisionekane. Kivuli hakimtoki mtu. Kadiri jua linavyoshuka ndivyo kinavyozidi kunyooka, na mtu mtiifu atakuwa amerudi, akatazama, akakiona, akarudi tena, mchana wote uliobaki, akilifuata jua kinyumenyume. Hakushuka kwenda kijitoni wala barabarani. Alikuwa amepanda. Na juu ya kilima, baada ya nyasi kwisha, kulikuwa na machimbo ya kokoto yaliyoachwa, shimo refu lililochongwa wima, lenye maji ya mvua chini.

Alikimbia kuelekea jua. Lilimpiga machoni hata akawa haoni mbele, akawa anatazama chini, na ndiyo maana aliiona kandambili moja imelala chali kwenye nyasi, kisigino kikielekea juu ya kilima. Alimpigia kaka simu huku anakimbia, akasema machimbo, machimbo. Nyasi zilikwisha, ikaanza changarawe, akajilazimisha kutembea ili isilie chini ya viatu.

Mama alikuwa pale. Alikuwa amesimama ameupa mgongo ukingo wa shimo, jua nyuma yake, mwili wote mweusi na kuzunguka kichwa nywele chache zinawaka. Mbele yake kivuli chake kilikuwa kimelala kwenye changarawe, chembamba, kirefu kuliko njia. Alikuwa anakitazama kwa makini na uchovu.

Jicho Moja aliiona picha. Nitasema kweli hata kama inamwaibisha: jicho la kushoto lilifumba lenyewe, na kwa kufumba na kufumbua alijua kwamba hajawahi kuona picha iliyokaa vizuri namna ile. Akalichukia jicho lake. Akalifungua kwa nguvu, akaona mama yake, mguu mmoja hauna kiatu, kisigino kikitafuta pa kukanyaga nyuma ambapo hapakuwa na kitu.

Mama akamwona. Jicho Moja hakuuona uso wake kwa jua, ila sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidia.

"Bado?"

"Imetosha, Mama. Simama hapohapo."

Mama akatazama chini. "Lakini bado nakiona," alisema kwa masikitiko, na kisigino kikainuka tena.

Kupiga kelele asingeweza, kumrukia ilikuwa mbali. Jicho Moja akaanguka magoti pale kivuli kilipoishia, akaweka viganja vyote viwili juu ya kichwa cha kile kivuli, kwenye changarawe.

"Nimekishika, Mama," alisema. "Ona. Nimekishika, hakiendi popote. Na wewe usiende."

Mama akatulia kutazama. Kisigino kikashuka kilipokuwa. Jicho Moja akaanza kutambaa juu ya kivuli, mkono kwa mkono, akisema nimeshika shingo sasa, nimeshika mabega, ngoja nikimalize, changarawe ikimchana magoti, na hakuondoa macho kwenye ile miguu miwili mikavu, mmoja na kandambili na mmoja mtupu, mpaka alipoifikia na kuikamata kwa mikono yote. Akaivuta kuelekea kwake. Mama akaketi karibu naye kwa kishindo kidogo, akashangaa.

"Unachafua magoti," mama alisema. "Na nguo nzuri hivyo."

Jicho Moja alilia uso wake ukiwa kwenye kifua cha mama. Alilia kwa sauti, bila mpangilio wowote. Alipoinua kichwa aliona kwamba sweta lilikuwa jekundu. Jekundu la nyanya iliyoiva, jekundu ambalo mtu angeliona akiwa ng'ambo ya bonde. Mama alikuwa anampigapiga mgongoni na kumuuliza amefiwa na nani.

Kaka aliwakuta njiani wanashuka wameshikana, akamchukua mama mgongoni. Karibu na nyumbani walikutana na muuza maziwa anarudi na madumu matupu. Alimtazama mama, akamtazama kaka, uso ukamshuka. Huyu alimwona, alisema. Alimwona tangu mapema, wa sweta jekundu, anapanda kilima kinyumenyume polepole, akadhani anacheza na mjukuu. Si mliniuliza wa kijani? Kaka akageuza shingo akamtazama dada yake chini ya mkono wa mama, muda mrefu, kisha akaendelea kutembea. Simu ya Jicho Moja ililia mfukoni. Alikuwa mchapishaji. Aliiacha ilie mpaka ikachoka.

Baada ya kula, mama alipokwisha kulazwa na mlango kutiwa komeo, kaka alisema alichokuwa nacho. Hakupaza sauti.

"Siku nyingine atapotea tena. Si lazima kwako, hata kwangu atapotea. Sasa kesho utampiga picha. Uso mzima, mbele. Sitaki mwanga, sitaki nini. Nataka watu wakiiona wajue ni yeye."

Jicho Moja alisema sawa. Usiku huo hakulala sana. Kila mara alipofumba macho aliona kisigino.

Asubuhi walimkalisha mama kwenye kiti chake mbele ya mlango wa jikoni. Alikuwa amelala vizuri, hakumbuki kitu, na alikuwa anafurahia chai. Lile sweta jekundu walimvalisha tena, Jicho Moja akilisema jina la rangi yake moyoni kwenye kila kifungo. Kaka alisimama ameegemea nguzo, mikono kifuani, kama askari wa kulinda jambo lisiende kombo. Hapakuwa na cha kusafisha siku hiyo. Ndoo ilibaki, kuku walibaki, na kamba ya nguo ilipita palepale ambapo siku nyingine isingepita.

Akainua kamera. Mama akaiona, akaweka kikombe chini, akainuka, akasimama kando ya mlango. Kwenye kidirisha kikabaki kiti.

"Kaa tu, Mama," kaka alisema, akamrudisha kwa upole. Mama akakaa. Kamera ikainuka. Mama akainuka nayo, akaomba radhi, akasogea. Walimwambia asisogee, akaahidi kabisa kwamba hatasogea, na akatulia vizuri mikono mapajani mpaka kamera ilipofika usoni mwa binti yake, ndipo miguu ikamwondoa, kama inavyomwondoa mtu kwenye njia ya gari. Kila mara alikuwa na lile tabasamu la mtu mwenye adabu. Kila mara kiti kilibaki pale, na mwanga umelala juu yake.

Kaka akageuka akatazama ukuta.

Jicho Moja akaishusha kamera. Akamwendea mama, akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa machimboni, kwa sababu kule alijua cha kushika.

"Mama, nisikilize. Leo sipigi kiti, wala mlango. Leo nataka kumpiga picha mama yangu."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akachungulia jikoni.

"Mwite basi aje," alisema, "mwanga usije ukaharibika bure."

Akakipangusa kiti kwa kiganja, akakisogeza kidogo palipokuwa na jua, kisha akasimama pembeni kumngojea.